Vitabu Viwili Visivyo na Kaburi

Dalmas Opiyo alikuwa na mke, lakini mke alikuwa kijijini Gem na yeye alikuwa Thika, katika chumba cha kiwanda cha kutia mananasi makoponi, alikolala na wanaume wengine watano na jiko moja la makaa ambalo siku ya kusafishwa halikuwa la mtu. Kampuni ilimpa mfanyakazi kitanda. Mke wa mfanyakazi haikumjua. Benta alikuja mara moja tu, akalala nyuma ya shuka lililotundikwa kwa kamba huku wanaume watano wakijifanya wanakoroma, na kulipokucha akafunga mzigo wake.

"Baba Jentrix, ukipata mlango wa kufunga, uniite," alimwambia. Akarudi kwao na mtoto mgongoni, na mtoto sasa alikuwa ameanza kukimbia bila kumjua baba yake.

Basi Dalmas aliposikia kwamba Ruiru kunafunguliwa maktaba ya Waafrika, na kwamba mtunza maktaba atapewa nyumba ya matofali nyuma yake, yenye vyumba viwili, jiko la peke yake na mlango wa kitasa, hakuuliza mshahara. Aliuliza kitasa kinafungika kwa ndani au kwa nje tu.

Aliyekuwa akitoa kazi hiyo ni mzungu mmoja wa idara ya ustawi, mzee mrefu aliyepinda kidogo, ambaye watu walimwita Bwana Pole. Neno hilo ndilo alilolijua vizuri zaidi katika Kiswahili chote. Alimwambia pole aliyefiwa, aliyebeba mzigo, aliyekohoa na aliyeketi tu. Kuna mama wa Githurai aliyeapa kwamba alimsikia akimwambia pole mbuzi. Hakuna aliyewahi kumjibu, kwa sababu nani amwambie mzungu pole, na pole ya nini?

Bwana Pole hakutaka vyeti. Alitaka msomaji. Akatoa katika sanduku lake mwenyewe riwaya mbili nene za mwandishi mmoja, Septimus Garrowby, zote za kutisha, zote za mwisho wa dunia. Moja, kwa lugha yetu, ingeitwa Asubuhi Bila Jogoo, na ya pili Wageni Kutoka Chini. Kila mwenye kutaka kazi azisome zote mbili, kisha Jumapili baada ya kanisa asimame mbele ya watu azilinganishe kwa Kiswahili. Waombaji walikuwa wengi mpaka walipouona unene wa vitabu, na hapo wengi wakakumbuka kwamba wana kazi tayari. Wakabaki wawili: Dalmas, na Bedan Macharia wa Ruiru, aliyekuwa akipima kahawa katika shamba moja la upande wa Mugutha.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Wakikuyu wa huko walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani mwao wakatiwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki, wakitoka kwa filimbi na kuingia kwa filimbi. Bedan hakuweza kufika Thika bila pasi, na aliyetoa pasi alipenda kuombwa mara nyingi. Kwa hiyo Dalmas, Mjaluo, ambaye kabila lake lilimruhusu kutembea, ndiye aliyekuwa akibeba vitabu kwa baiskeli. Alimpelekea mshindani wake silaha mpaka mlangoni, na njiani zaidi ya mara moja alilitazama daraja la mto Ruiru akifikiria jinsi kitabu kinavyoweza kuteleza. Hakukitelezesha. Alikuwa Mkristo, na zaidi ya hapo Bwana Pole angekiulizia kitabu chake.

Walikutana kando ya meza za kuanikia kahawa, Bedan akigeuza punje kwa mkono huku akiongea.

"Mimi huyu mzungu simwelewi," alisema. "Watu wamezungushiwa shimo, kila siku gari linapita na vitu vimefunikwa turubai, miguu imetokeza, halafu yeye anatuletea kitabu cha kutuogopesha. Mimi nikitaka kuogopa si natoka tu nje."

"Lakini umesoma?"

"Nimesoma. Unajua ni wapi niliogopa? Mahali yule mzee anaamka, dunia imekwisha, na inabidi achemshe chai yake mwenyewe. Kurasa tano, Dalmas. Anatafuta birika, anatafuta kiberiti, anaungua kidole. Dunia nzima imekufa na yeye analia kidole."

Wakacheka mpaka nyapara akageuka kuwatazama. Lakini Dalmas hakucheka hadi mwisho. Kuna jambo katika vitabu vile lililokuwa likimkera tangu mwanzo, na si chai.

"Bedan, wewe umeona wakizika mtu?"

"Wapi?"

"Popote. Kitabu hiki au kile."

Bedan alifikiri kidogo, akasema hajaona, na kwamba katika mwisho wa dunia watu huwa na haraka. Jibu hilo halikumtosha Dalmas. Kwao hata dunia ikiisha, mtu angechelewa mwisho wenyewe kwa sababu yuko matangani.

Jumapili ilipofika, ukumbi wa maktaba ulijaa. Walikuja wafanyakazi wa kahawa na wa mkonge, wanawake waliotoka kanisani, na askari wawili waliotumwa kuhakikisha kwamba mwisho wa dunia hauvuki mipaka. Bwana Pole aliketi mbele kabisa, mikono magotini, kama mzazi siku ya kusomwa matokeo ya mtihani wa mwanawe. Dalmas alilitambua hilo na hakulielewa.

Bedan alianza. Alivaa tai, akavisifu vitabu vile sifa ambazo hata Biblia haijasifiwa upande ule wa reli. Alisema Garrowby ana jicho la tai na moyo wa simba. Alisema Asubuhi Bila Jogoo inatisha kwa ukimya, na Wageni Kutoka Chini inatisha kwa kishindo. Kwa hiyo, alisema, ni kama mtu na kaka yake, na msomaji mwenye bahati ni yule anayewaalika wote wawili. Chai hakuigusa. Watu walipiga makofi, na Bwana Pole aliinamisha kichwa, masikio yamemwiva.

Dalmas akabaki na tatizo. Hotuba aliyokuwa ameiandaa ilikuwa ya sifa, na Bedan alikuwa amezimaliza sifa zote, hakumwachia hata ya kulamba. Alisimama akitazama watu, akaona nyumba ya matofali ikiondoka taratibu. Hakuwa na kitu kingine kichwani isipokuwa lile lililomkera. Basi akalisema.

"Mimi nilisoma vyote viwili," alianza. "Katika cha kwanza, ukungu unatoka baharini na watu wote wa Uingereza wanakufa kabla ya chai ya saa nne. Sawa. Mungu akiita, ameita. Mimi nikafungua ukurasa nikingoja matanga. Hakuna. Nikafungua mwingine. Hakuna. Huyu mzee amebaki na mbwa wake, anazunguka mji mzima akimtafuta kijana wake, anaruka maiti kama mtu anaruka madimbwi. Anaingia dukani. Jembe liko hapo, ameliona, limeandikwa. Anachukua nini? Anachukua biskuti."

Ukumbi ukacheka. Mama mmoja nyuma akauliza kwa sauti huyo ni mzee wa namna gani.

"Kwetu hata mwizi anazikwa," Dalmas aliendelea, na sasa alikuwa amepata moto. "Haya, cha pili. Watu waliozama baharini wanainuka. Wanatembea kurudi makwao, nguo zinatiririka maji, wanagonga milango. Hapo ndipo tunaambiwa tuogope. Mimi sikuogopa. Mtu hujamzika, unataka akae wapi? Lazima arudi aulize. Na yule mzee, maana ni yule yule, amebadilishwa jina tu na kunyimwa mbwa, anasikia mlango ukigongwa. Anajua ni kijana wake. Anajua kabisa, anaijua ile namna yake ya kugonga. Na anauegemea mlango usifunguke. Kitabu kinaishia hapo."

Sasa hakuna aliyecheka.

"Mnaniuliza kipi kinatisha kuliko mwenzake. Hivi si viwili. Katika cha kwanza baba anamtafuta mtoto, katika cha pili mtoto anamtafuta baba, na katika vyote hakuna mtu mwenye akili ya kuchimba kaburi. Mimi nasema huyu bwana Garrowby ana mtu wake ambaye hakumzika. Na asipomzika, atatuandikia cha tatu."

Alirudi kuketi. Watu walianza kupiga makofi, wakaacha, kwa sababu Bwana Pole alikuwa amesimama. Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena, kisha akatoka kwa mlango wa pembeni bila kumwambia mtu yeyote pole.

Bedan alimsogelea Dalmas, tai imelegea. "Wewe ni mjinga ama ni nabii?"

"Nimefanya nini?"

"Garrowby ni yeye. Jina lingine tu la vitabu. Mpishi wake ni wa ukoo wangu, anasema huyo mzee anapiga taipureta mpaka mbwa wanalalamika."

"Na ulikuwa unajua?"

"Kitambo."

"Na hukuniambia."

"Ndugu yangu, si tulikuwa tunashindana?" alisema Bedan, na ilikuwa kweli.

Aliona aibu. Alimsikitikia mzee wa watu, aliyetukanwa mbele ya wapima kahawa katika kitu alichokipenda. Alijisikitikia na yeye mwenyewe, na tusidanganyane, huko ndiko huzuni ilikokuwa kubwa zaidi. Benta angekaa Gem mpaka Jentrix aolewe. Ndipo askari alipokuja kumwambia anaitwa nyuma ya maktaba.

Bwana Pole alikuwa amesimama ndani ya ile nyumba ya matofali, tupu bado, ikinuka chokaa mbichi. Dalmas aliingia kofia mkononi. Hata katika hali ile jicho lake lilikikagua kitasa, na kilifungika kwa ndani.

"Kijana yangu," alisema mzungu, kwa Kiswahili chake cha kizungu. "Vita ya Hitler. Yeye ilikwenda na meli. Meli ilizama. Hapana mwili."

Dalmas alitafuta neno, akakuta lipo moja tu. "Pole, bwana."

Mzee alimtazama kama mtu aliyerudishiwa koti alilolipoteza. Miaka yote hiyo alikuwa akiligawa neno hilo kushoto na kulia, na sasa limemrudia halijapungua.

"Watu yako nafanya nini," aliuliza baadaye, "kama hapana mwili?"

Dalmas akamweleza. Baba yake mdogo alikwenda vitani Burma na hakurudi hata kofia yake. Nyumbani wakangoja. Mambo yakaharibika: ng'ombe wakatupa mimba, bibi aliyemzaa akawa anaweka chakula cha mtu asiyekuwapo. Mwisho wazee wakasema inatosha, wakachukua tunda la mti wa yago, lile refu zito lenye umbo la gogo, wakalifunga katika blanketi, wakalilaza kaburini na kulifukia kwa heshima zote za mtu mzima. Tangu hapo bibi akapakua chakula cha waliokuwapo.

"Tunda," alisema Bwana Pole.

"Ndiyo, bwana. Tunda, lakini ukishalizika si tunda tena."

"Wewe naweza leta?"

Hapo Dalmas alikwama. Kwao aliujua mti uliko. Hapa alijua mananasi tu, na mtu hazikwi kwa nanasi. Lakini nje ya dirisha kulisikika kikohozi cha mtu ambaye alikuwa amesikiliza kila kitu.

"Yago ndiyo nini?" aliuliza Bedan akiingiza kichwa. Dalmas akamchorea kwa mikono, urefu na unene. Bedan akaanza kutikisika. "Hiyo ni muratina. Nyinyi mnazika muratina?"

Kwa Wakikuyu, tunda lile lile hukatwa, hukaushwa na kutiwa katika maji na asali ili pombe ichachuke. Pombe yenyewe huitwa kwa jina la tunda, na kuitengeneza bila kibali siku zile kulikuwa na kesi yake. Bedan alikuwa na shangazi, Tata Magdalene, mwanamke wa kanisa asiyegusa pombe, ambaye kwa sababu zisizoelezeka alikuwa na muratina kadhaa zimefichwa kwenye nyasi za paa.

Tata Magdalene aliposikia kwamba mzungu anaomba muratina ili aizike, alikataa kata kata. Alisema ameona mitego mingi tangu serikali itangaze Hali ya Hatari, lakini huu ndio wa kwanza uliotungwa na mtu mwendawazimu. Ilibidi Bedan ale kiapo cha Biblia, na kiapo, kwa sababu ya viapo vya wapiganaji wa msituni, kilikuwa kitu cha hatari mwaka ule. Ndipo akakubali kutoa moja iliyopasuliwa upande mmoja tu, nzee, nyeusi kwa kazi.

"Hii imechachusha pombe ya mahari, ruracio ya mabinti zangu wote," alisema. "Mwambieni azike vizuri."

Wakazika wiki iliyofuata. Bwana Pole alileta sweta la shule la mwanawe, akalivingirisha tunda ndani yake, kisha akasita na kulisogeza puani.

"Nanuka pombe."

Dalmas na Bedan wakatazama chini. Kumbe mzee alikuwa akitabasamu. "Yeye ilipenda pombe," alisema. "Sana."

Walichimba wote wawili, Mjaluo na Mkikuyu, ingawa Bedan alinawa mikono kabla, wakati na baada. Kwao, alisema, mambo ya maiti hayaguswi ovyo, na zamani mtu akifia ndani, nyumba yenyewe huachwa. "Sisi tukiwa na maiti tunahama," alimnong'oneza Dalmas. "Nyinyi mkiwa na maiti ndipo mnahamia."

Alisema kwa mzaha, lakini Dalmas alisimamisha jembe. Kwa sababu mahali alipopachagua Bwana Pole palikuwa hatua chache kutoka mlango wa jiko wa ile nyumba ya matofali, na kwa Wajaluo kaburi ndilo lenye boma. Mwenye kuzikwa mahali ndiye mwenyeji. Wengine ni wageni wake. Alitaka kulisema hilo na alikuwa na maneno yake tayari. Lakini mzee alikuwa amekwisha kumwekea ufunguo kiganjani, akisema kwamba kazi ni yake, na mkono uliopokea haukuweza kuinuka kupinga. Alituma habari Gem kwamba mlango umepatikana. Kaburi hakulitaja.

Benta aliwasili kwa gari moshi Jumapili, vumbi la safari kichwani, Jentrix amemshika sketi. Dalmas alimwonyesha mlango wa mbele. Aliufunga, akaufungua. Alimwonyesha chumba cha kwanza na cha pili, akiongea upesi kama mwuzaji anayejua kasoro ya mali yake. Benta hakuwa mtu wa kuonyeshwa. Alipita jikoni, akafungua mlango wa nyuma, na hapo akasimama.

Mbele yake kulikuwa na mwinuko wa udongo mwekundu uliopandwa maua, na mzungu mzee aliyesimama kando ya udongo huo, kofia mkononi, kimya kabisa. Bwana Pole alikuja kila Jumapili.

"Baba Jentrix," alisema Benta, "umenileta katika boma la nani?"

Dalmas angeweza kudanganya. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua, na aliyeyasema yale mbele ya ukumbi mzima hangeweza kuyakana mbele ya mkewe. Akamweleza yote, kwa Kijaluo na kwa sauti ya chini: meli, vitabu, tunda. Alipomaliza hakuwa na shaka. Aliutazama mzigo wa Benta, bado haujafunguliwa, na akajua kwamba hautafunguliwa.

"Mama yake mtoto yuko wapi?"

"Alikufa. Kabla ya vita."

"Na nani alimlilia?"

"Hakuna. Wao wanasimama tu, kama hivyo."

"Mmemlaza mtoto wa watu hapa," alisema Benta polepole, "na hakuna mwanamke hata mmoja aliyemlilia? Mlikuwa mnafikiri analala?"

Dalmas aliutazama ule mwinuko. Alikuwa amewacheka wazungu wa vitabuni kwa kutochimba, na yeye alipochimba aliona amemaliza.

"Anaitwa nani?"

"Timothy."

Benta alimkabidhi mumewe mtoto. Akavua viatu vyake vya safari, akakaza leso kiunoni, na akatoka nje akikimbia, mikono kichwani, akilia. "Timotheo! Timotheo nyathina!" Mwanangu, alimwita, mtu ambaye hakuwahi kumwona, kwa sauti iliyowatoa watu maktabani na kusimamisha baiskeli barabarani. Aliizunguka nyumba, akarudi kaburini, akamwuliza Timotheo kwa nini alipanda meli. Akamuuliza kwa nini alimwacha baba yake na vitabu tu, na nani sasa atamchimbia mzee huyu. Ndivyo mwanamke wa kwao aingiavyo penye kaburi bichi, na Benta hakuwa amewahi kuingia kwa mtu kinyume na hapo.

Bwana Pole alirudi nyuma kama aliyepigwa. Hakuyajua maneno yale hata moja. Alisimama wima kadiri alivyoweza, kofia kifuani, kisha akakaa chini kwenye udongo, suruali yake nyeupe na yote, akafungua mdomo. Sauti iliyotoka mle ilikuwa mbaya na ya kizee, sauti ya kitu kilichofungwa miaka mingi, na Jentrix akaficha uso shingoni mwa baba yake, ambaye mpaka asubuhi ile alikuwa hamjui.

Benta alipomaliza alijifuta uso kwa ncha ya leso. Alimtazama mzee aliyekuwa bado anaendelea, akamwacha aendelee. Akapita mbele ya mumewe, akaingia ndani, akaanza kufungua mzigo.

"Kuni ziko wapi?" aliuliza. "Huyo baba hawezi kurudi kwake bila kula."